Msing'oe gazoni zenu kabla ya mvua

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nimjibu mwenzetu aliyeandika majuma mawili yaliyopita akiwashauri wakaaji wa Lubumbashi wenye gazoni, yaani uwanja wa nyasi zilizopandwa nyumbani, zilizokauka wazing'oe na kumwaga zege, kwa sababu, kama alivyosema, nyasi katika mji huu ni hasara ya maji na maficho ya nyoka. Barua yake niliisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa hasira na mara ya pili kwa utulivu, kwa kuwa mengi aliyoyalalamikia ni ya kweli, na mimi mwenyewe mwaka juzi nilibakiza siku mbili tu nifanye alichokishauri. Ninachobishana naye hasa ni majira. Tuko mwishoni mwa Septemba, jakaranda zimeanza kumwaga maua kwenye avenyu, na ardhi haijaona mvua ya maana tangu Aprili. Kuihukumu gazoni mwezi huu ni kama kumtazama mtu aliyelala ukatangaza kwamba ni bubu.

Kiangazi chetu huanza Mei na kuvuka Septemba, na katika miezi hiyo nyasi za nchi za joto, kama ukoka na paspalumu, huyaacha majani yake yakauke huku uhai ukibaki chini, katika vitako, yaani pale majani yanapoanzia juu ya mizizi, na katika mashina yanayotambaa juu na ndani ya udongo. Rangi ya majani kwa hiyo haituambii kitu. Anayetaka kujua achukue kisu, achimbe kipande cha ukubwa wa kiganja chenye kina cha vidole vinne, aoshe udongo wote, kisha akate mashina yale na kuyatazama ndani. Yakiwa meupe, yana unyevu kidogo na yanapinda bila kuvunjika, nyasi zi hai. Yakiwa ya kahawia mpaka katikati na yanavunjika kama njiti za kiberiti, mahali hapo pamekufa kweli. Mimi nilichimba mahali kumi katika gazoni yangu, ambayo ina mita 6 kwa 10, na mahali saba palikuwa hai, ingawa kwa kuitazama kutoka barazani ungeapa kwamba yote ni majani ya kuwashia moto. Fundi wa zege tulikuwa tumekwisha kupatana bei. Alinielewa, ingawa hakufurahi.

Sikufika hapo kwa ajali. Nilipojenga chumba cha nyuma, mafundi walikoroga saruji juu ya nyasi kwa majuma matatu. Baadaye mwanangu akazoea kuegesha gari palepale, kwa kuwa ndipo penye kivuli cha mwembe. Na sentineli wetu, yaani mlinzi, mtu mwenye bidii ambaye sitamlaumu, aliamka kila siku saa kumi na moja akafagia parseli (kiwanja cha nyumba) nzima kwa ufagio mgumu, gazoni ikiwamo, mpaka udongo ukang'aa. Hapa niseme jambo ambalo mwenzetu hakuligusa. Wengi wetu tumelelewa na mama ambao kwao kiwanja safi ni kile kisicho na unyasi hata mmoja, kinachoonyesha asubuhi mistari ya ufagio na nyayo za mgeni wa usiku. Ni desturi yenye maana yake, nami ninaiheshimu mbele ya jiko na mlangoni. Lakini ufagio huohuo ukipita juu ya gazoni kila siku huondoa majani makavu yanayoukinga udongo dhidi ya jua, hung'oa mashina yanayotambaa, na mwishoni huipeleka ile tabaka laini ya juu nje ya parseli, kidogo kidogo, miaka nenda miaka rudi. Katika gazoni yangu vitako vya nyasi vilikuwa vimebaki juu kama meno marefu, udongo ukiwa umeshuka karibu sentimita 2.

Kosa kubwa lilikuwa langu mwenyewe. Mwezi wa Agosti nilinunua urea, mbolea ileile tunayoiweka kwenye mahindi, nikaitawanya kwa mkono juu ya nyasi kavu, kilo 3 nzima, kwa mawazo kwamba mgonjwa akilishwa sana atapona haraka. Urea ina naitrojeni asilimia 46. Kwa mita 60 za mraba gramu 600 zingetosha, tena mvua zikiwa zimekwisha kuanza. Mimi niliweka mara tano ya kipimo hicho katika ardhi isiyo na maji ya kuiyeyusha. Nilipoinyunyizia maji kidogo jioni, chumvi ile ikakaa kwenye mizizi, na baada ya siku nne majani machache yaliyokuwa bado kijani karibu na bomba yakageuka rangi ya majivu. Mama mmoja anayelima lengalenga (mchicha) bondeni, ambaye huniletea mboga kila Jumamosi, alisimama akaitazama gazoni, akaniuliza, “Mwalimu, mtu akizimia unamtia bukari mdomoni?” Bukari ni ugali. Sikuwa na jibu. Mengi ninayoyaandika hapa chini nilifundishwa na mama huyo, si na karatasi.

Kuhusu maji, ambalo ndilo lalamiko kuu la mwenzetu, naomba tufanye hesabu pamoja. Milimita 1 ya maji juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Nyasi zilizo macho, zinazokua wakati wa joto, zinahitaji kama milimita 25 kwa juma, yaani kwa gazoni yangu lita 1,500, ambazo ni bidoni 75 za lita 20. Hakuna mwalimu mstaafu anayeweza kununua maji hayo wala kuyangoja usiku wa manane, maana kwetu bomba hutoa maji saa za wachawi, tena si kila usiku. Kufikia hapo mwenzetu ana haki kabisa. Lakini nyasi zilizolala hazihitaji kiasi hicho. Zinahitaji tu vitako visikauke kabisa, na kwa hilo milimita 10 kila baada ya majuma matatu zinatosha. Nimeigawa gazoni yangu mafungu matatu ya mita 20 za mraba, na kila Jumapili fungu moja hupata lita 200, bidoni 10, ambazo nyingi ni maji ya kusuuzia nguo. Maji ya kwanza yenye povu zito, au yaliyotiwa javeli, ile dawa ya kung'arisha nguo, hayaingii humo.

Tunachokosea wengi ni ile desturi ya kunyunyiza kidogo kila jioni mpaka majani yametameti. Maji hayo hayashuki zaidi ya unene wa kidole. Jua la saa nne limekwisha kuyachukua. Mizizi nayo huyafuata yalipo, ikakaa juu, na siku bomba linaponyamaza kwa juma zima, hakuna mzizi uliofika chini kutafuta unyevu uliobaki. Zaidi ya hayo, nyasi zinadanganywa kwamba mvua zimekuja, zinatoa majani machanga kwa akiba yao ya mwisho, kisha zinaachwa. Ni afadhali kuziacha zilale moja kwa moja kuliko kuziamsha kila jioni bila kuzipa chakula.

Sasa nije kwenye udongo, ambao ndio ugonjwa wenyewe, kwa kuwa mtu anaweza kununua nyasi mpya kila Novemba na kuzizika kila Agosti ikiwa hakugusa kilicho chini yake. Udongo wetu mwekundu una uchachu, na ukishakanyagwa na gari, mpira wa watoto na miguu ya mafundi, hushikana kama tofali. Kuna kipimo kimoja rahisi: siku moja baada ya kumwagilia vizuri, sukuma bisibisi ndefu kwa mkono. Ikikataa kabla ya kufika sentimita 5, maji na mizizi navyo vinakataliwa palepale. Dawa yake ni kutoboa. Mimi nilitumia uma wa bustani, na mahali ulipoinama nikatumia kipande cha chuma cha kujengea kilichochongwa ncha, nikitoboa kina cha sentimita 8 hadi 10, tundu hadi tundu umbali wa shubiri moja au pungufu. Kazi hiyo haifanywi leo. Ardhi kavu haitoboki, na ikilazimishwa hupasua mashina. Ingoje mvua ya pili au ya tatu, udongo ukiwa na unyevu lakini haushikamani na kiatu.

Baada ya kutoboa huja chakula cha udongo, na hapa Lubumbashi tumebarikiwa kitu ambacho miji mingi haina. Kila aliyewahi kutoka mjini kwa gari ameona vichuguu vikubwa vilivyosimama porini, vingine vikipita mita 5 kwa kimo. Tunavichoma matofali, tunavisawazisha tupate viwanja, na ni wachache wanaokumbuka kwamba wakulima wa zamani walitafuta kichuguu ili walime juu yake au kando yake. Udongo ambao mchwa wameupandisha kwa miaka mingi una kalisi nyingi, na hauna uchachu kama udongo wa pembeni. Mama wa lengalenga aliniambia niulete, lakini akanionya nisiumwage peke yake, maana ni mfinyanzi mzito na ungenitengenezea sakafu juu ya sakafu. Tulichanganya karai moja la udongo wa kichuguu, karai moja la mchanga wa mtoni na makarai mawili ya mboji iliyoiva, tukachekecha, tukautandaza mchanganyiko huo kwa unene usiozidi sentimita 1, tukausukuma kwa mgongo wa reki uingie katika matundu. Kwa mita 60 za mraba zilitosha toroli kama 10. Ncha za majani lazima zionekane juu. Ukizifunika zote, umezika.

Asiyepata kichuguu atumie chokaa ya kilimo, au jivu la mbabula (jiko la makaa), ambalo kila nyumba hulitupa. Jivu hupunguza uchachu na huleta potasiamu. Konzi mbili kwa kila mita ya mraba, mara moja kwa mwaka, zinatosha, tena litawanywe jembamba siku isiyo na upepo, bila misumari wala vipande vya plastiki vilivyochomwa pamoja na makaa. Onyo moja ambalo sikuliona kwenye mfuko wowote wa mbolea: jivu na urea havikutani. Vikikutana, naitrojeni hugeuka hewa yenye harufu kali ya amonia na kuondoka na pesa zako. Mimi huweka jivu mvua zinapoanza, kisha nangoja majuma matatu au manne, mpaka zaidi ya nusu ya gazoni imerudi kijani, ndipo naweka urea gramu 10 kwa mita ya mraba, saa ambayo mawingu yameshakusanyika. Narudia Januari, na baada ya Februari siweki tena, ili nyasi zisiingie kiangazi zikiwa na majani laini yasiyo na mizizi.

Sehemu zilizokufa kweli nilizipanda mwezi wa Novemba kwa vipande vya ukoka wangu mwenyewe, vyenye vifundo vitatu kila kimoja, theluthi mbili ndani ya udongo, umbali wa sentimita 15. Kabla ya Februari vilikuwa vimeshikana mikono. Sikununua hata kipande kimoja. Chini ya mwembe vilikataa, kwa sababu ukoka unataka jua kwa muda wa saa sita au zaidi kila siku, nami sikupigana na mwembe. Nimeacha majani yake yaoze palepale, na gari sasa huegeshwa hapo tu.

Kuhusu kukata, nitasema machache tu. Vijana wanaopita na fyekeo hulipwa kwa kazi inayoonekana, kwa hiyo hukata mpaka udongo utokee, nasi tunawalipa kwa furaha kwa sababu tutakaa mwezi mzima bila kuwaita tena. Nyasi zilizonyolewa hivyo hupoteza jiko lao, yaani majani yanayozitengenezea chakula. Usiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja. Ukoka ubaki sentimita 3 au 4, nyasi za kikuyu 4 au 5, paspalumu 6 hadi 8, na mwezi wa Aprili wa mwisho wa mvua uziache ndefu kidogo kuliko kawaida. Mabaki mafupi yaache yaanguke yalipo, maana yana naitrojeni yake. Kuyakusanya na kuyachoma pembeni, kama tunavyopenda kufanya jioni, ni kuchoma mbolea ambayo kesho tutakwenda kuinunua.

Magugu na wadudu wana wakati wao, nao ni wa mvua. Ndago ndiye mwenye kiburi kuliko wote: ukimvuta jani anabaki na vijikolo vyake chini ya ardhi, kila kimoja kikitoa mmea mpya, kwa hiyo mfuate kwa kisu ardhi ikiwa imelowa, tena na tena, kabla hajatoa maua, na usikubali roli la udongo mweusi wa kununua bila kuuchekecha kwanza. Mabaka yanayopanuka ghafla mwezi wa Desemba au Januari, majani yakiwa yametafunwa, huenda ni viwavi. Mwaga vijiko viwili vya sabuni ya maji katika lita 10 juu ya mita 1 ya mraba, ungoje dakika kumi. Wakiwapo watapanda wenyewe juu, na kuku watamaliza mazungumzo.

Liko jambo jingine, Bwana Mhariri, linalonifanya nisilione suala hili kuwa la urembo wa wenye nyumba kubwa. Mji huu ulizaliwa kwa shaba. Tanuri la kwanza liliwashwa mwaka 1911, na kwa kuwa upepo wetu wa kiangazi huvuma hasa kutoka kusini-mashariki, moshi wa miongo mingi ulielekea kaskazini-magharibi, ukaacha shaba na metali nyingine katika tabaka la juu la udongo, hata kukawa na mahali ambapo miti ilikufa na ardhi ikabaki tupu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi walishirikiana na wenzao kujaribu nyasi za asili kwenye ardhi ya namna hiyo, wakitumia chokaa na mboji, na ukoka huuhuu tunaoudharau ulikuwa mmoja wa nyasi tatu walizozijaribu. Chokaa hufanya sehemu kubwa ya shaba ishikwe na udongo isiingie kwenye mizizi. Mboji husaidia kazi hiyohiyo. Anayekaa upande huo wa mji, na ambaye nyasi zake hufa kila mwaka hata akizimwagilia, asilaumu mkono wake kabla ya kuongeza chokaa. Mboga za majani, mimi nisingezipanda hapo. Na popote mtu akaapo, kiwanja kitupu cha Agosti ni vumbi linaloingia chakulani, vitandani na midomoni mwa watoto wanaotambaa. Hata nyasi zilizolala, zenye rangi ya mkate, hulishika vumbi hilo chini.

Mwenzetu atasema zege nalo hulishika. Ni kweli, lakini halishiki maji. Lubumbashi hupata mvua ya kama milimita 1,200 kwa mwaka, karibu yote kati ya Novemba na Aprili. Kiwanja cha mita 100 za mraba kilichofunikwa kwa zege hupokea lita 120,000, na kama hakina pa kuyanywesha huyatoa barabarani au chini ya ukuta wa jirani. Sisi tunaokaa upande wa chini wa avenyu tunajua yanakofika: mfereji mbele ya mlango wangu ulikuwa wa kuruka kwa mguu mmoja miaka kumi iliyopita, na sasa tumeuwekea ubao. Nyoka hujificha katika nyasi ndefu, mawe na lundo la matofali, si katika ukoka wa sentimita 4. Na mbu wa malaria huzaliwa katika maji yaliyotuama, ambayo zege lililobonyea huyahifadhi vizuri kabisa.

Sidai kwamba kila parseli iwe na gazoni. Penye familia tatu na bomba moja, mihogo na lengalenga vina haki ya kwanza, na sehemu ya gari iwekwe mawe au kokoto. Ninachomwomba mwenzetu, na wengine ambao fundi wao amekwisha kuleta kokoto getini, ni kungoja majuma sita tu. Wachimbe mahali kumi kwa kisu kama nilivyoeleza. Wakiona weupe ndani ya mashina, wamwambie fundi arudi Januari. Wasipouona, mimi ninakata ukoka wangu kingo zote mwezi wa Novemba baada ya mvua ya tatu, na vipande vitakaa ndani ya magunia yenye unyevu kando ya geti. Kila mwaka huwa ni vingi kuliko ninavyohitaji, na kwa mwenye mfuko wake sitozi chochote.

Wako katika heshima,

Mwalimu mstaafu,
Komini ya Kampemba, Lubumbashi